Zawadi za Ishbaki

Mwanangu Hamisi,

Anayeniandikia ni Mwana Hidaya, mjane wa mwalimu wa chuo cha Kurani, maana mimi na herufi hatujuani. Ameshaniudhi kabla hatujaanza. Alitaka kujaza nusu ya karatasi kwa "tunda la ini langu" na "mboni ya jicho langu" na dua za kukuombea safari njema, kama waandikavyo watu wa mjini. Nimemwambia aache. Mwanangu anajua kuwa nampenda. Asilolijua ni jinsi nilivyokasirika. Andika hilo, Mwana Hidaya. Haya, anaandika.

Nimekasirika, Hamisi. Nimekasirika tangu juzi ulipokuja Miteja kuniaga, ukakaa kizingitini pangu, ukaniambia kwamba baba yako anakupeleka Ngazija kwa jamaa yake mfanyabiashara, na kwamba kesho asubuhi, kabla chombo hakijang'oa nanga, utasimama barazani kwake mbele ya wazee wa Kivinje upokee zawadi zako. Kanzu, joho, kilemba, kasha la mninga na upanga wenye mpini wa pembe. Kisha utaulizwa kama umeridhika, nawe utajibu kuwa umeridhika. Ukishalisema neno hilo mbele ya mashahidi wale, shamba la Miteja ni la ndugu yako Suleimani peke yake, na wewe huna chako tena katika nyumba ya Bwana Nasoro, akiwa hai wala akifa.

"Ni neno moja tu, mama," ukasema. Tena ukacheka kidogo.

Uliponiona nimenuna ukanitolea sababu. Bibi Zuwena, mke wa baba yako, amekuahidi kwamba ukienda kwa wema, mimi nitaachwa katika kibanda changu pale shambani mpaka siku nitakayokufa. Ukileta ukaidi nitatolewa siku hiyohiyo. "Nafanya kwa ajili yako, mama." Sikukujibu. Nilikupa maji ukanywa, ukajipangusa mdomo, ukaenda zako. Hasira ilinikaba hata sauti haikutoka. Leo imetoka, na huyu mama wa watu anapata tabu ya kuifuata kwa kalamu.

Neno moja! Mimi neno hilo nalijua. Nililisema kabla hujazaliwa.

Unajua nilikotoka, ijapokuwa sijakueleza yote. Kwetu Umwera mtoto si wa baba, ni wa mjomba. Watu wa pwani hulicheka jambo hilo. Mjomba ndiye anayekuoza, mjomba ndiye anayekusimamia ukidhulumiwa, na njaa ikiingia mjomba huyohuyo ndiye anayekuweka rehani. Mwaka ule mtama ulikauka mashambani, tukala mizizi ya porini mpaka mdomo ukawa mchungu hata ukimeza mate. Mjomba akanishika mkono, akanipeleka kwa wasafiri wa pwani, akapewa vikapu vya nafaka, akasema atakuja kunikomboa mavuno yakiingia. Sijui kama mavuno yaliingia. Sikumwona tena. Wasafiri wakanileta Kivinje, baba yako akaninunua, nikapewa jina la Faida. Mtu kuitwa Faida! Lakini katika hayo yote hakuna aliyeniuliza kitu. Nilichukuliwa tu. Hayo siyabebi mimi, atayabeba mjomba huko aliko.

La dada yako nililibeba mimi.

Ndiyo, ulikuwa na dada. Uliwahi kusikia watu wakimtaja binti wa Bibi Zuwena aliyekufa kwa ndui, ukadhani ni wa Bibi Zuwena. Bibi Zuwena alikaa miaka katika ndoa bila mtoto. Akenda kwa waganga, akafunga na kuomba, hola. Mwisho akamwambia baba yako maneno ambayo wajakazi wote tuliyasikia, maana ukuta wa nyumba ile unapitisha kila kitu: "Mchukue yule mjakazi wa Kimwera. Atakachozaa nitakilea mimi, kitakuwa changu." Baba yako akanifanya suria wake. Nilipojifungua, Bibi Zuwena alikuwa ameketi kitandani, miguu ameinyoosha, na mkunga akamlaza mtoto mapajani mwake kabla mimi sijamwona uso. Vigelegele vikapigwa. Havikuwa vyangu.

Siku ya saba wakaniita chumbani. Baba yako yupo, Bibi Zuwena yupo, na wanawake wawili wa kushuhudia. Wakaniwekea mbele bangili za fedha na doti ya nguo mpya, baba yako akaniuliza, "Faida, umeridhika mtoto alelewe na Bibi?" Hapo ndipo nilipoulizwa, Hamisi. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwetu, mtu aliniuliza. Nami nikasema nimeridhika. Nilijiambia mtoto atakula wali na kulala kitandani. Nilijiambia wataniua nikikataa, na huo ni uongo, wasingeniua, suria aliyemzalia bwana wake hauzwi wala hauawi. Na niseme kweli yote, bangili zilinipendeza. Nilikuwa msichana, sijawahi kuvaa fedha.

Mwana Hidaya ananiuliza kama nataka hilo la bangili liandikwe. Liandike kwa herufi kubwa kama zipo.

Salma wakamwita. Alipoanza kusema alimwita Bibi Zuwena mama na mimi akaniita Faida. "Wewe Faida, nipe maji." Nampa. "Faida, nibebe." Nambeba. Sura yake ilikuwa yangu tupu, na mle ndani kila mtu aliliona hilo, na kila mtu alinyamaza. Ndui ilipoingia mjini ikamchukua. Kwenye matanga wanawake walikaa ndani juu ya mikeka wakimpa pole Bibi Zuwena, mimi nimekaa uani natwanga mpunga wa kuwalisha. Nikaacha mchi nikaenda mpaka mlangoni. Nilitaka kuingia, Hamisi. Nilitaka kukaa kwenye mkeka hata pembeni, nipewe pole hata na mtu mmoja. Dada yake Bibi Zuwena akainua kichwa akaniuliza, "Faida, mchele umekwisha?"

Nikasema, "Bado kidogo." Nikarudi nikatwanga.

Walioniona nalia walisema, "Mjakazi huyu anaipenda nyumba ya bwana wake." Unaona neno moja linavyofanya kazi? Ningeingia kwa haki gani, nami nilikwisha kuridhika mbele ya mashahidi? Bangili nilizitupa chooni, lakini nilizitupa baada ya maziko, na hasira ya baada ya maziko haimfufui mtu.

Wewe ulikuwa tumboni mwangu mwaka ule Wadachi walipotua Kivinje na mizinga yao. Ulipozaliwa nilikuwa tayari. Niliapa kwamba mkunga akikupeleka kwenye paja lolote isipokuwa langu nitamng'ata mkono. Nikangoja. Hakuna aliyekuja. Kumbe Bibi Zuwena mwenyewe alikuwa mjamzito, tumbo lake limejibu hatimaye, na mtoto wa suria hakuhitajika tena. Hata hukunyakuliwa, mwanangu. Uliachwa. Akazaliwa Suleimani, mdogo wako, na kabla hajatoka arobaini sisi wawili tulishapelekwa Miteja tukalinde shamba, ili macho ya Bibi yasituone. Nilishukuru. Mpumbavu mimi, nilishukuru kwa sababu nilikuwa na mtoto wangu mgongoni, nikaona nimeshinda.

Sasa sikiliza kosa langu la pili, maana la pili nililifanya juu yako.

Baba yako alipokuwa akija Miteja kutazama minazi, ulikuwa ukimkimbilia. Ulikuwa mdogo, miguu mifupi, unakimbia unapiga kelele, "Baba! Baba!" Siku moja alikuja na wageni. Niliona uso wake ulivyobadilika. Walipoondoka nikakushika sikio, nikakufinya mpaka ukalia, nikakwambia, "Mbele za watu humwiti baba. Unamwita Bwana." Nilidhani nakukinga. Nilidhani mtoto mpole hupendwa. Safari iliyofuata ulisimama mbali, umefumbata mikono, ukasema, "Shikamoo, Bwana." Naye akajibu, "Marahaba," akapita. Hakuuliza kwa nini. Aliona ni sawa kabisa. Tangu siku hiyo hukumwita baba tena, si mbele za watu wala kando, na watu wakapata nafasi ya kukuita Hamisi wa Miteja. Ndugu yako ni Suleimani bin Nasoro. Wewe ni Hamisi wa Miteja, kama muhogo. Mimi ndiye niliyekuvua jina la baba yako kwa kidole na ukucha, na hilo nalijutia kuliko bangili.

Ndipo vikaja vita vya maji. Huhitaji nikusimulie, ulikuwapo. Vijana wenzako walikunywa maji ya mganga, wakafunga mabua ya mtama kichwani, wakakwambia njoo, risasi za Mdachi zitageuka maji. Nawe ulitaka kwenda. Tuligombana siku nzima, mpaka nikalala kifudifudi mlangoni nikakwambia ukitoka unikanyage. Hukutoka. Wenzako wengi hawakurudi. Kukuzuia sijutii. Waliodanganywa kwa maji niliwalilia, na waliowapiga kwa mizinga Mungu anawajua. Ninachokijutia ni sababu niliyokupa. Sikukwambia, "Kaa kwa kuwa nakupenda." Nilikwambia, "Kaa ulinde mali ya baba yako. Ukiilinda itakuwa yako."

Nawe uliamini. Askari walipokuja wanachoma maghala ya watu, baba yako alikuwa amejifungia mjini karibu na boma, na Suleimani wake wamemvusha Unguja. Aliyesimama njiani ni wewe. Uliinua mikono ukasema shamba hili ni la Bwana Nasoro wa Kivinje, si la mwasi. Wakakulaza chini wakakuchapa kiboko wakitafuta kama unasema uongo. Nililia nikawatajia majina ya wazee wote wa Kivinje niliowajua, mpaka askari mmoja aliyekuwa ameishi mjini akasema ni kweli. Wakapita. Mashamba ya jirani yakateketea, letu likabaki. Mgongo wako nilioukanda kwa mafuta ya nazi za shamba hilohilo, naujua mstari kwa mstari.

Vita vilipotulia, baba yako akaja na punda, na Suleimani nyuma yake na mwavuli. Akatazama majivu ya jirani, akatazama minazi yake imesimama, akasema, "Alhamdulillahi, shamba langu limesalimika." Limesalimika! Kama kwamba lilijilinda lenyewe. Akakupa kanzu kuukuu ya Suleimani. Nawe ukasema, "Ahsante, Bwana." Nilikuwa nimesimama pale na kata ya maji mkononi, nikamkaribisha, nikasema, "Bwana, maji." Ningemmwagia! Hata leo naota nammwagia.

Mwana Hidaya anasema nipumzike, mishipa ya shingo imenitoka. Nimekunywa uji. Tuendelee.

Unamkumbuka Agnesi, binti wa mdogo wangu, aliyelelewa na mapadre baada ya kwao kuteketea, akaolewa na yule fundi seremala. Mumewe alipoletwa Kivinje kutengeneza milango, Agnesi alinitafuta mpaka akanipata, akakaa nami Miteja. Wewe ulikuwa mjini wakati mwingi. Mchana tukimenya mihogo alikuwa akinisimulia hadithi alizofundishwa, nami namsahihisha, maana nyingine tunazo. Nabii Ibrahimu namjua, nikamwambia. Hajiri namjua, mjakazi aliyeachwa jangwani na mwanawe, akakimbia huku na huko akitafuta maji. Nani asiyemjua Hajiri? Mahujaji wanakimbia nyayo zake.

Agnesi akasema, "Na Ketura je, mama mkubwa?"

Sikumjua Ketura. Mwana Hidaya anasema marehemu mumewe alimtaja, lakini kwa kupita tu. Agnesi akanieleza: uzeeni Ibrahimu alioa mwanamke mwingine, na wengine humwita suria, akamzalia wana sita. Akawataja kama anavyofundisha mtoto majina ya vidole: Zimrani, Yokshani, Medani, Midiani, Ishbaki, Shua. Nikamwuliza wamefanya nini. Akasema wengine wana wajukuu waliotajwa, huyu kazaa kabila hili, yule kabila lile. Na Ishbaki? Akafikiri. "Ishbaki hana kitu, mama mkubwa. Jina tu." Basi, baba yao alipokuwa angali hai, mali yote akampa Isihaka, mwana wa mke mkubwa, na wana wa masuria akawapa zawadi, akawaondoa waende mbali na ndugu yao, upande wa mashariki.

Nikaweka kisu chini. "Zawadi gani?"

"Haikuandikwa."

"Ishbaki alisemaje?"

"Haikuandikwa, mama mkubwa."

"Na Ketura? Alisimama wapi wakati wanawe wanafungiwa mizigo? Alisemaje?"

"Haikuandikwa!" Agnesi akacheka, akaniambia namshikilia yeye kama kwamba ndiye aliyetunga.

Hapa Mwana Hidaya ameweka kalamu chini kabisa. "Astaghfirullah, bibi wee, Mitume hawasemwi hivyo." Simsemi Mtume wa Mungu. Yeye alikuwa na amri zake kutoka juu, na baba yako hana amri kutoka popote isipokuwa kwa Bibi Zuwena. Ninaowasema ni wale waliosimulia, wakakumbuka majina sita ya wana, wasikumbuke hata pumzi moja ya mama yao. Mwana Hidaya ameokota kalamu. Anatikisa kichwa lakini anaandika.

Tangu mchana ule Ishbaki hanitoki. Namwona amesimama na mzigo wake mpya, kilemba kimefungwa vizuri, anatazama chini kama utazamavyo wewe, anasema nimeridhika, kisha anakwenda mashariki na hakuna anayemtaja tena duniani. Nawe unapelekwa wapi? Simama pwani ya Kivinje uulize Ngazija iko upande gani. Watakuonyesha linakotoka jua.

Nimemwuliza Mwana Hidaya kuhusu sheria, maana amekaa na mwanachuoni miaka mingi. Anasema mtoto wa suria ni mtoto huru, na anarithi sawasawa na mtoto wa mke, hapungui hata ukucha. Anasema tena mtu aliye hai harithiwi, kwa hiyo ukisema kesho umeridhika, kwa sheria neno hilo ni upepo. Nikamwambia, ikiwa ni upepo, mbona wanaandaa baraza zima kuupokea? Akasema, "Mnyonge hana haki. Mzee akifa, nani atatoka Ngazija kuja kudai? Na akija, wazee watasema sisi tulimsikia kwa masikio yetu." Ndivyo. Wanajua sheria kuliko sisi. Ndiyo maana wanataka mdomo wako, si mkono wako kwenye hati. Na ndiyo maana wanataka uwe mbali.

Sitaki ukadhani namwaga hasira kwa sababu ya minazi. Minazi mimi siwezi hata kuipanda tena. Lakini shamba lile ni mahali pekee ulipowahi kufanya jambo la mtoto kwa baba yake, na mgongo wako ndio ushahidi. Ukiwaachia walitwae kwa joho na kilemba, utakuwa umekubali kwamba ulikuwa mlinzi tu, na sasa mlinzi amelipwa. Utazaa watoto huko Ngazija. Wakikuuliza babu yao nani, utawaambia nini? Utawatajia Miteja?

Wala usinielewe vibaya kwamba nakukataza safari. Nenda! Uone watu, ujifunze kuuza na kununua, upate mke mwenye akili, ule vizuri. Kijana hakai chini ya mnazi wa mama yake mpaka azeeke. Kama upepo wa bahari utakutapisha, utatapika na utapona. Ninachokataa ni wewe kuondolewa kama taka huku umevalishwa joho. Kusafiri ni kitu kimoja, kuondolewa ni kingine, na kesho barazani watu wote watajua ni kipi kati ya hivyo viwili, kwa jibu lako.

Hata zawadi sikukatazi. Baba kumpa mwanawe nguo si ajabu, na upanga ni mzuri, kwa nini abaki nao Suleimani ambaye hata kisu cha nazi hakijui? Pokea kwa mikono miwili. Lakini ukiulizwa, usilitamke neno lile. Sema, "Nimepokea. Mungu akulipe, baba." Baba, Hamisi. Litamke neno hilo mbele ya wazee wote, kwa sauti ile uliyokuwa nayo kabla sijakufinya sikio. Litakuwa gumu kinywani, mimi ndiye niliyelifanya gumu. Litamke hivyohivyo. Wakikuuliza tena kama umeridhika, waambie utarudi kuwasalimu msimu ukigeuka. Wakikuuliza mara ya tatu, usijibu. Wacha wangoje.

Naweza kukuona unaposoma hapa. Umekunja uso, unasema moyoni, mama anasema haya kwa kuwa ana hasira, lakini wakimtoa kibandani atakwenda wapi? Mwanangu ana moyo mzuri. Moyo huo nao ni kazi yangu, na leo nauonea hasira. Kwani wewe unadhani Bibi Zuwena alikuahidi kibanda kwa huruma? Alitafuta mahali utakapoumia, akapapata, akaweka kidole. Amefanya hivyo kwangu zamani kwa mtoto. Sasa anakufanyia wewe kwa mama. Mimi nilimpa Salma ili ale wali. Wewe unataka kujitoa mwenyewe ili mimi nilale chini ya makuti. Hapana. Ng'o! Sitakuwa bangili yako.

Basi sikiliza nilichofanya, kisha karatasi hii Mwana Hidaya ataikunja, na atakupa mkononi ukitoka msikitini, asimpe mtu mwingine hata akiapa kwamba ni ndugu yako.

Alfajiri ya leo nilipanda juu ya kibanda changu. Mguu wangu huu mbovu, unaujua, lakini nilipanda. Nikayavua makuti yote, moja moja, nikayatupa chini. Nikang'oa fito. Jirani alikuja akafikiri nimerukwa na akili, kisha alipoona uso wangu akanisaidia bila kuuliza. Kinu nimempa yeye, na kuku. Mlango tumeuchanja kuni. Pale palipokuwa na nyumba yangu sasa pana udongo uliofagiliwa, na mbuzi wa watu wamelala. Kisha nikafunga kibunda changu nikaja Kivinje kwa miguu, na sasa hivi, wino huu ukikauka, naondoka na wanawake wauza chumvi wanaoelekea Lindi. Agnesi na mumewe wana chumba hukohuko, mtaa wa Rasbura. Nitafika nikifika. Baba yako akitaka kuniita mtoro na aniite, nimeitwa majina mengi yasiyo yangu, hili angalau nimelifanyia kazi. Akitaka kunifuata, ajue sitakuwa na la kumficha. Nitasema mbele za watu Salma alikuwa mtoto wa nani.

Ngazija kuna watu wanaokuja Lindi. Ukimpata mtu, mwulize seremala wa Rasbura, mume wa Agnesi. Nami nitauliza habari zako kwa kila chombo. Sitakuficha kwamba naogopa. Naogopa njia, naogopa kufa kabla sijakuona, na saa hii natamani nikushike kichwa nikuvute hapa kifuani mpaka ulalamike. Hayo yaandike vizuri, Mwana Hidaya, yasisomeke vibaya.

Lakini kesho asubuhi, Hamisi, Bibi Zuwena atakutazama kutoka nyuma ya pazia kwa jicho lile la kukukumbusha ahadi. Nawe mtazame. Hana mtu wako mkononi. Kibanda hakipo, nami sipo. Neno lile likikutoka, litakuwa limekutoka wewe mwenyewe, na usije ukamwambia mtu yeyote, hata wanao, kwamba ulilisema kwa ajili ya mama.

Ni mimi, niliyekuzaa.